Bomba Lililoishia kwa Papa Bolamba

Enzi zetu, sisi tuliokulia kando ya maporomoko pale Kisangani, ukimya tuliusikia kwa mara ya kwanza siku tuliyosafiri. Mimi niliusikia njiani kwenda Bafwasende, lori lilipoharibika katikati ya msitu, nikadhani masikio yangu yamekufa. Kwetu mtoto alizaliwa ndani ya ngurumo ya maji na akakua ndani yake. Mama akikuita alipiga sahani kwa mwiko, maana sauti peke yake haikutosha. Hata tusi lilibidi litolewe kwa nguvu, vinginevyo lilipotea kabla ya kumfikia mwenyewe. Wa rika langu mnaosoma haya mtacheka, kwa sababu mnajua hadi leo tunaongea kwenye simu kama tunamwita mtu wa ng'ambo ya mto, na watoto wetu wanatuomba tushushe sauti mbele za watu.

Papa yangu alikuwa mvuvi wa maporomoko, kama baba yake na babu yake. Kwa wasioijua kazi hiyo: pale mto unapokimbia katikati ya mawe, wanaume wa kwetu husimika miti mikubwa, huifunga kwa kamba za msituni, kisha huning'iniza mitego ya vikapu, mipana mdomoni na myembamba mkiani. Maji yenyewe humsukuma samaki ndani. Kila familia ina mahali pake pa kusimika, na mahali hapo hurithiwa kama jina la ukoo. Papa alikuwa akitupeleka ukingoni alfajiri, moshi wa samaki bado umelala juu ya mapaa, na kutufundisha kutazama. Palipo na mgongo laini, chini kuna jiwe. Palipo na povu jeupe, maji yamechanganyika na hewa, usijitupe hapo, hayatakubeba. Na pale mto unapopita kati ya mawe mawili yaliyokaribiana, ndipo penye nguvu kuliko pote. Kwa neno hilo la mwisho alikuwa na msemo wake, tuliousikia mara nyingi kuliko Baba Yetu: "Ukifinya muto, inakasirika."

Ukumbuke msemo huo. Ulitupa samaki miaka yote ya utoto wangu, na mwaka mmoja ulikaribia kumnyima dada yangu shule.

Hatukuwa na vitu vya kuchezea vya kununua. Tulikuwa na maji, udongo na mipapai. Mchezo mmoja ulikuwa kumshinda mwenzako kupeleka jani kavu chini ya maji bila kulilowesha. Unaligandisha jani ndani kabisa ya kikombe kwa ubwabwa kidogo, unakipindua, unakizamisha wima, na ukikitoa bila kukiinamisha jani linatoka kavu kama lilivyoingia. Mjinga aliyekiinamisha alisikia "bulu-bulu-bulu", hewa ikatoka, maji yakaingia, naye akachekwa hadi jioni. Mchezo mwingine ulikuwa wa chupa za plastiki. Unampa mwenzako chupa iliyojaa maji hadi juu kabisa, kifuniko kimekazwa, unamwambia aiminye. Anaminya hadi mishipa ya shingo inamtoka. Maji hayaminyiki. Ukimwaga kidogo tu, hewa ikapata nafasi, chupa inabonyea kwa kidole kimoja.

Lakini mchezo mkubwa ulikuwa wa mabwawa. Mvua ikiisha, tulijenga ukuta wa udongo kwenye mfereji, maji yakajaa nyuma yake, kisha tukapenyeza mabua ya majani ya mpapai kwenye ukuta yawe mabomba yetu. Mabua hayo yana uwazi ndani, mnajua. Chini ya kila bua tuliweka kopo la nyanya. Ambaye kopo lake lilijaa kwanza, ndiye mkubwa wa siku hiyo, na wengine walimbebea kuni. Tuligombania mabua manene hadi kuraruana mashati. Hakuna aliyetufundisha kwamba bua nene hushinda. Tulijua tu, kama mtoto anavyojua chungu kipi ni cha moto.

Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi ya juu, nyuma ya kapela, kanisa letu dogo. Nyumba yetu ilikuwa chini kabisa ya mteremko, karibu na mto, lakini maji ya mto yalikuwa ya kahawia na ya samaki, si ya kunywa. Kwa hiyo wanawake na wasichana walipanda kwa njia ya udongo mwekundu, wakapanga foleni, wakachota kwa kopo kutoka kidimbwi kisichofika goti, kisha wakashuka na madumu kichwani. Mvua ikinyesha, njia ile iliteleza kama sabuni. Mama alishuka hapo miaka yote bila kumwaga tone. Hadi mwaka ule alipobeba mimba iliyomsumbua, miguu ikamvimba, na muuguzi akamwambia wazi kwamba akiendelea kubeba madumu, mimba haitafika mwisho.

Kazi ikamwangukia yaya Berna, dada yangu mkubwa. Jina lake kamili Bernadette, na papa naye mtaa mzima ulimwita Papa Bernadette. Dada alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, mwaka wa examen, yaani mtihani wa kumaliza. Berna alipenda shule kwa namna ambayo mimi sikuipenda kamwe. Mimi mwalimu akigeuka ubaoni, nilikuwa dirishani nikitazama lori. Yeye alisoma hata karatasi zilizofungia chumvi. Sasa aliamka kabla ya jogoo, akapanda chemchemini, akakuta foleni, na alipofika shule jua lilikuwa limeshapanda na mlango umefungwa. Baada ya wiki kadhaa za hivyo, mkuu wa shule alimwita papa. Hakumkemea. Alimwambia tu kwamba mtoto asiyehudhuria hawezi kuandikishwa kwa examen, na kwamba angemsubiri hadi mwisho wa mwezi. Papa alirudi nyumbani, akakaa mbele ya sahani ya lituma bila kuinyooshea mkono. Kwa wasio wa kwetu, lituma ni ndizi zilizopondwa, na mtu wa Kisangani asiyeigusa ni mgonjwa au ana jambo.

Ndipo alipotokea tonton Gaspard, mdogo wa mama, aliyefanya kazi kwenye malori ya njia ya Bafwasende. Alituletea bomba za plastiki nyeusi, tiyo kama tulivyoziita, zilizong'olewa kwenye shamba la kahawa lililoachwa. Nyingine nene kama mkono wa mtu mzima, nyingine nyembamba kama kidole gumba. Na robine moja ya shaba, koki ya kufungulia maji, nzuri, iliyong'aa baada ya mama kuisugua kwa majivu. Papa alizitazama tiyo zile, akatazama mteremko, akatazama tena tiyo. Nilimwona anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aitwe shuleni. Alisema maji yatashuka yenyewe hadi mlangoni kwetu, na Berna atajaza dumu akiwa bado anasugua meno.

Mtaa mzima ulikuja kusaidia, isipokuwa mtu mmoja, ambaye alikuja kutazama. Papa Bolamba, naye mvuvi, alikaa katikati ya mteremko, nusu ya njia kutoka chemchemini hadi kwetu. Yeye na papa hawakusemezana. Ugomvi ulihusu mahali pa kusimika mti mmoja kwenye maporomoko. Kila mmoja alisema babu yake ndiye aliyeanza. Hawakupigana. Walitumiana maneno kupitia watoto na mbwa. Papa Bolamba aliweza kusimama uani kwake, akamwambia mbwa wake kwa sauti ya kumfikia papa: "Wewe mbwa, ukikamata fasi ya wengine, siku moja utakosa ya kwako."

Papa alijenga kisanduku cha mawe pale chemchemini ili maji yakusanyike. Akaanza na tiyo nene kutoka juu, na zilipoishia, karibu kabisa na ua wa Papa Bolamba, akaunganisha nyembamba hadi kwetu. Mtu mmoja alimuuliza kwa nini asianze na nyembamba. Papa alimwonea huruma. Alimweleza kwamba maji yanashuka taratibu kwenye bomba pana, kisha yakifika pembamba yanafinywa, yanakasirika, na kwetu yatafika yanaruka kama ya maporomoko. Wavuvi wote waliokuwepo waliitikia kwa vichwa. Nani angebisha? Kila mmoja wao alikula kwa sababu ya jambo hilohilo.

Siku ya kwanza halikutoka tone. Tuliweka masikio kwenye bomba, tukasikia linajikohoza mahali fulani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba chemchemi imekataa kufungwa. Papa alipanda polepole akilipapasa bomba kwa kiganja hadi akafika pale lilipopita juu ya jiwe kubwa na kufanya nundu. Akacheka. Alitukumbusha siku mtumbwi ulipompindukia, akabaki chini yake kichwa ndani ya giza, akivuta hewa iliyonaswa humo hadi wenzake walipomfikia. Akasema hewa ikikamata fasi ya juu, maji hayawezi kuifukuza kama haina pa kutokea. Akatoboa tundu dogo juu ya nundu, na bomba likatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, kisha maji yakachungulia kwenye tundu. Akaliziba kwa kijiti na utomvu. Sisi watoto tuliopindua vikombe maisha yetu yote tulielewa papo hapo. Tulijivunia papa kiasi cha kuchosha wengine.

Kisha tukakimbia chini, na robine ikafunguliwa mbele ya watu wote.

Maji yalitoka. Yalitoka kama mkojo wa mzee. Ukiziba nusu ya mdomo wa robine kwa kidole, yaliruka vizuri, hadi papa akasema, mnaona nguvu yake? Lakini ukiweka dumu, ungeweza kwenda misa na kurudi kabla halijajaa. Tulingoja. Papa alifunga, akafungua, akagonga. Juu kule, kisanduku cha chemchemi kilikuwa kikifurika na kumwaga pembeni, na yeye alisema hiyo ni ishara njema, maji ni mengi. Kutoka katikati ya mteremko ikashuka sauti ya Papa Bolamba, safari hii bila hata kumsingizia mbwa: "Papa Bernadette, samaki ya namna gani unategea na ile? Ya kukausha ao ya kuhesabu matone?"

Watu walicheka, kwa sababu ilichekesha. Papa hakucheka. Berna alichukua dumu lake, akapanda chemchemini kama kawaida, na kesho yake tena alikuta mlango wa shule umefungwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja.

Siku zilizofuata papa alikagua kila kiungo. Hakukuta panapovuja. Akafikiri labda hakufinya vya kutosha, akaweka kipande chembamba zaidi mwishoni, na maji yakapungua zaidi. Hakwenda mtoni. Mitego yake ilijaa takataka. Mama, amelala na miguu yake juu ya mto wa kulalia wa sufi, alimwambia kitu ambacho nilikisikia kupitia ukuta: kwamba wasichana wengi wa kwetu hawakumaliza shule na bado wanaishi. Alisema kwa sauti ya mtu anayejaribu kuamini.

Kisha mvua ikanyesha, ikaisha, na sisi watoto tukatoka kujenga bwawa letu. Papa alikaa kizingitini akitutazama bila kutuona. Berna alikuwa nasi, maana hata wenye huzuni walicheza enzi hizo. Tukapenyeza mabua, tukapanga makopo. Ghafla papa akainuka, akachuchumaa kati yetu na kusema naye anacheza. Hatukuwahi kuona mtu mzima akicheza bwawa. Tulimpa achague bua kwanza, kwa heshima, na moyo ukatuuma kwa sababu lilikuwepo moja nene la kupendeza. Yeye akachukua jembamba kuliko yote, refu, la jani changa. Tukatazamana.

Kopo lake halikufika hata nusu wakati langu lilipomwagika. Akasema tumemwibia kimo. Tukapanga upya, mabua yote kimo kimoja, mbele ya macho yake. Akashindwa tena. Mdogo wetu mmoja, mtoto wa jirani asiye na adabu, akamwambia: "Eh papa, ile kabua iko ya mutoto wa kuku. Kamata ya mukubwa." Akashindwa mara nyingine, na sasa tulikuwa tunacheka wazi, naye anakasirika kabisa, amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Jumapili. Akaziba nusu ya mdomo wa bua kwa kidole. Maji yakaruka mbali, yakapita juu ya kopo.

"Inaruka," akasema.

"Inaruka," Berna akamwambia, "lakini haijazi."

Alisema bila kebehi, kama mtu anayesaidia. Papa akabaki ameshika bua. Aliangalia kopo, akaangalia nyuma ya ukuta wetu wa udongo, ambapo maji yalikuwa yametulia, hayana haraka, yanaanza kupanda na kumwagika pembeni. Kisha akageuza kichwa kuelekea juu, kwenye chemchemi na kisanduku chake kilichokuwa kinafurika.

"Muto haina fasi ya kubakia," akasema, si kwa kutuambia sisi. "Maji ya nyuma inasukuma, lazima ipite, hata ukiifinya. Ile ya juu kule, nikiifinya, inabakia tu. Inapita pembeni."

Nimezunguka sana tangu siku hiyo, nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti na wasio navyo, na sijasikia mtu akieleza jambo hilo vizuri zaidi. Mto unaleta maji yake na lazima yote yapite, ndiyo maana mwembamba unaongeza mbio. Bomba linalotoka kwenye kisanduku lina kimo kilekile tu cha kuyasukuma maji, na ukilifanya jembamba na refu, kuta zake zinaikwangua ile nguvu njia nzima hadi inafika mwisho imechoka. Kuruka mbali ni jambo moja, kujaza dumu ni jingine.

Lakini kujua sababu hakukuongeza tiyo nene. Zilikuwa zile zile, na zilifika ua wa Papa Bolamba tu. Tonton Gaspard alikuwa barabarani, na hata angekuwepo, shamba la kahawa halikubaki na kitu. Papa alipanda jioni ile ile, mimi na Berna nyuma yake, jua likiwa bado juu ya mto. Alifungua kiungo pale nene ilipokutana na nyembamba. Maji yakatoka yakijaza mdomo wote wa bomba, yakaanguka kwa uzito, yakaelekea moja kwa moja kwenye ndizi za Papa Bolamba.

Papa Bolamba alitoka ndani na kutazama. Papa naye alisimama, maji yanamlowesha miguu. Nilijua anachofikiri, kwa sababu hata mimi mtoto nilikifikiri: jasho lake, mawe yake, robine iliyosuguliwa na mkewe, na vyote vikakae uani kwa mtu huyu, ambaye kila siku atafungua, atanawa na kukumbuka kwamba alimcheka. Angeweza kulifunga bomba. Angeweza kusubiri mwaka mwingine, tiyo nyingine.

"Bolamba," akasema, akimwita kwa jina lake baada ya miaka, "mutoto atafanya examen yake. Robine italala kwako."

Papa Bolamba alimtazama Berna aliyesimama na dumu tupu. Kisha akaingia ndani. Tulidhani amekataa. Akatoka na mti mgumu wenye panda, ule wa kusimika mtoni, na kamba mpya, akauchimbia penye kona ya ua wake, nje kidogo, upande wa njia, ili mtu yeyote achote bila kupita mlangoni kwake. Walifunga robine kwenye mti ule wawili hao, mmoja ameshika, mwingine anakaza, bila kusemezana zaidi ya "vuta" na "legeza". Walifunga kwa fundo la maporomoko, lile lisilofunguka likilowa.

Walipomaliza, Papa Bolamba alinawa mikono na kusema jambo la kivuvi. Kwetu, mtego wako ukisimama kwenye mti wa mwingine, samaki wa kwanza ni wa mwenye mti, lakini yeye akaigeuza desturi hiyo. "Mti iko yangu," akasema, "lakini maji iko ya mutego yako. Basi ndoo ya kwanza ya asubui ni ya kwako, Papa Bernadette. Nitaiweka pa njia."

Berna alifika shule kabla ya kengele kesho yake. Na siku iliyofuata, na zilizofuata. Aliandikishwa siku za mwisho kabisa. Majina ya waliofaulu yaliposomwa uani shuleni, mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mvulana mnene mwenye sauti, aliyeogeshwa na maji ya robine ile. Jina la Bernadette liliposomwa, papa hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni Papa Bolamba, hadi mwalimu akarudia jina akidhani kuna kosa.

Mimi shule niliiacha baadaye kidogo. Sina cha kulalamika. Malori yaliniita, nikaenda nayo. Nimeuza chumvi Isangi, nimesukuma toleka, baiskeli za abiria, mjini Makiso, nimelala kwenye migodi midogo ya Bafwasende, na popote nilipokaa watu waligundua kwamba ninaweza kuyasikiliza mabomba. Siku hizi nikiwa mjini, karakana moja ya Makiso huniita niwaonyeshe vijana wanaojifunza ufundi wa mabomba. Vijana wazuri. Wana glavu, wana simu zenye taa kali kuliko ya lori. Bomba likivuja, kwanza wanalipiga picha. Mmoja aliniambia nguvu ya maji inategemea kampuni iliyotengeneza robine. Nilimheshimu, sikucheka mbele yake. Nilimtoa nje, nikamwonyesha kwamba tangi dogo lililowekwa juu linasukuma kuliko tangi kubwa lililowekwa chini, maana maji husukuma kwa kimo chake, si kwa wingi wake. Alishangaa, kisha akataka kurekodi.

Huwa ninawaletea mabua ya mpapai. Tunajenga ukuta wa udongo uani, tunapanga makopo, nami ninasema wachague. Kila mwaka yupo anayechukua jembamba, na kila mara ninamshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa sababu nadhani ninaona suruali ya Jumapili imepiga magoti kwenye tope.

Mabadiliko ni mengi. Mteremko umejaa nyumba za bati, mipapai imebaki michache, na watoto wanacheza maji ndani ya kioo cha simu, maji yasiyomlowesha mtu. Wanakunywa ya mifuko ya plastiki, wanaiuma pembeni, wanaitupa. Enzi zetu dumu moja lilikuwa na historia: nani alilibeba, nani alilimwaga, nani alichapwa. Papa amelala karibu na kapela, Papa Bolamba naye hapo hapo, kaburi mbali na kaburi kwa hatua chache, na sauti ya mto inawafikia wote wawili. Berna anaongoza shule ya msingi Yanonge, na nasikia mlango wake haufungwi asubuhi siku za mvua.

Mama bado anaishi nyumba ile ya chini, peke yake, kwa kuwa amekataa kuhamishwa. Safari yangu ya mwisho nilifika alfajiri bila kutoa taarifa, kama kawaida yangu. Nilikaa kizingitini kusubiri aamke. Nikamwona kijana anashuka kwa njia ya udongo, nywele amezinyoa kwa mistari, nyaya masikioni, kichwa kinatikisika kwa muziki wake, suruali imeshuka kiunoni kama inakimbia mwili. Nilianza kutafuta maneno ya kumkaripia kimoyomoyo, kama wazee wote. Mkononi alikuwa na ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Hakumwaga hata tone. Aliitua mlangoni kwa mama, akaondoa waya mmoja sikioni kwa adabu, akanisalimia na kuniuliza kama mimi ni mtoto wa Papa Bernadette.

Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza yeye ni wa nani.

"Wa Bolamba," akasema. "Hii ni ya kwanza ya leo." Akarudisha waya wake sikioni, akapanda mteremko.